Wiki Ijayo Tunasoma Nini?

Kipindi cha kwanza cha sayansi nilichowahi kukitazama kwenye televisheni sikukiona mpaka mwisho. Ilikuwa mwaka 1996, nikiwa kidato cha tatu katika shule ya bweni ya wasichana. Mwalimu mmoja wa kujitolea kutoka ng'ambo alikuja na mkanda wa video, akaazima deki na televisheni, jenereta likawashwa, tukabanana bwaloni zaidi ya mia. Kipindi kilikuwa "The Miracle of Life", kilichorushwa Marekani mwaka 1983, na picha zake zilipigwa na Msweden Lennart Nilsson kwa kamera zilizoingia ndani kabisa ya mwili wa binadamu. Tuliona yai likisafiri. Tuliona mbegu za kiume zikihangaika kama viluwiluwi kwenye jaruba. Hakuna aliyecheka, jambo ambalo kwa wasichana mia wa umri ule si dogo.

Dakika za mwisho zikafika mahali mama alipokuwa anajifungua kweli. Mwalimu wa zamu akasimama, akavua kitenge alichojitanda mabegani na kuifunika televisheni gubigubi. Lakini hakujua kitufe cha sauti kilipo. Tukabaki gizani, tukimsikia mtoto akilia nyuma ya kitenge.

Kesho yake nililiona ganda la mkanda limeandikwa NOVA. Nikamwuliza yule mwalimu maana yake, akasema ni neno la Kilatini, ndivyo wanajimu wanavyoiita nyota ambayo haikuonekana kabla na ghafla inang'aa. Nikamwambia basi sisi ni majirani, maana mimi natoka Mbingu. Ndivyo kijiji chetu kinavyoitwa, chini ya milima ya Udzungwa, kwenye barabara ya Ifakara kwenda Mlimba, na kila aliyezaliwa huko amezoea utani wa wageni: "Umeshuka lini?"

Kwa miaka mingi nilidhani habari inaishia hapo: wenzetu walikuwa na nyota yao, sisi tulikuwa na jina tu. Mama yangu ndiye aliyenionyesha kwamba nilikosea.

*

Mfululizo wa NOVA ulianza kurushwa tarehe 3 Machi 1974, kutoka kituo cha WGBH cha Boston. Mwanzilishi wake, Michael Ambrosino, alikuwa amekaa mwaka mzima kwa waandaaji wa BBC huko London, akajifunza kutoka kwa kipindi cha Horizon, kilichokuwepo tangu Mei 1964. Aliporudi kwao alitaka kitu cha namna ile: kila wiki hadithi moja ya kisayansi, isimuliwe vizuri kiasi kwamba mtu asiyejua kanuni hata moja ya fizikia asiweze kuinuka kitini. Mtangazaji angekuwa televisheni ya umma, ile isiyoishi kwa matangazo ya sabuni bali kwa fedha za serikali, michango ya watazamaji na wafadhili. Zaidi ya miaka 50 baadaye kipindi bado kipo.

Machi 1974 Tanzania Bara haikuwa na televisheni hata moja. Zanzibar walikuwa nayo, tena ya rangi, ya kwanza ya aina hiyo Afrika kusini mwa Sahara. Lakini Bara serikali ya Mwalimu Nyerere iliona ni anasa ya wachache wa mjini, na tulingoja mpaka mwaka 1994 ndipo vituo vya watu binafsi vikaanza. Televisheni ya taifa ikafuata mwishoni mwa muongo huo. Kwa hesabu hiyo, mtu angesema kwamba watu wa Boston walipoanza kuifuata sayansi kila wiki, watu wa Mbingu walikuwa wanafukuza ndege kwenye mpunga.

Walikuwa wanafukuza ndege, kweli. Lakini mwaka mmoja kabla, mwaka 1973, walikuwa pia wanakaa kila wiki chini ya mwembe kuzunguka redio ya betri, wakisikiliza "Mtu ni Afya".

*

Mama alikuwa na miaka 20. Alikuwa amesoma mpaka darasa la nne na mwandiko wake ulisomeka, kwa hiyo akafanywa katibu wa kikundi. Anaeleza jinsi ilivyokuwa kama mtu anayeeleza kazi, bila mapambo. Redio ilikuwa ya mwenye duka. Betri zilipoanza kuchoka zilianikwa juani tangu asubuhi ili jioni ziwe na nguvu. Reli ya Uhuru ilikuwa imeshapita pale, na treni za ujenzi zikipita na vyuma wakati kipindi kinaendelea, kikundi kizima kilisogeza masikio karibu na redio.

"Mtu ni Afya" haikuwa kipindi cha kusikiliza ukalala. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilikipanga pamoja na kijitabu, na viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifundishwa kazi yao nchi nzima. Kila wiki, kwa wiki 12, Radio Tanzania Dar es Salaam ilirusha somo. Kisha kiongozi alisoma sura ya kijitabu kwa sauti, kwa ajili ya wasiojua kusoma, na watu wakajadili. Malaria, safura, kichocho, kuhara damu, kifua kikuu. Mjadala haukutakiwa kuishia kwenye maneno. Swali la mwisho lilikuwa moja: sasa sisi hapa tutafanya nini? Katibu aliandika jibu, na wiki iliyofuata kikundi kilianza kwa kulisoma.

Watu wapatao milioni mbili walishiriki. Nchi nzima ilikuwa na watu milioni 14 hivi. Vyoo vilivyochimbwa kwa sababu ya wiki zile 12 vilikadiriwa kufika mamia ya maelfu. Mama anakumbuka vitatu tu, kwa kuwa hivyo ndivyo alivyoviandika: cha mwenye duka, cha babu yake mzaa mama, na kimoja kilichojaa maji mvua za kwanza kwa sababu walichimba karibu mno na kijito. "Hicho tulikiandika pia," anasema. "Tuliambiwa tuandike ukweli."

Ninapouweka mwaka 1973 wa Mbingu karibu na mwaka 1974 wa Boston, tofauti ninayoiona siyo ile niliyoitarajia. Boston walikuwa na picha nzuri zaidi. Mbingu walikuwa na daftari.

*

Tabia ya kuwaonyesha watu wetu sayansi haikuanza na redio. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Waingereza wawili, Meja Notcutt na Latham, waliendesha mradi wa sinema za mafunzo kwa fedha za shirika la Carnegie la Marekani. Walitengeneza filamu 35, nyingine kuhusu kilimo, nyingine kuhusu kodi na akiba ya posta, nyingine kuhusu safura, na wakazizungusha kwa lori Tanganyika, Kenya, Uganda mpaka Rhodesia ya Kaskazini na Nyasa. Ufundi wa filamu uliamini kwamba Mwafrika haelewi picha inayokwenda haraka, hivyo kila kitu kilionyeshwa polepole, kama kwa mgonjwa.

Toka enzi hizo za sinema ya gari kuna kichekesho ambacho bado kinasimuliwa kwenye semina za afya. Eti wanakijiji walionyeshwa filamu ya malaria, mbu akajaa ukuta mzima, miguu kama miti. Ilipoisha wakapumua: "Kumbe ndiyo maana huko kwao wanaumwa. Mbu wetu sisi ni wadogo." Watu hucheka sana. Mimi nilikicheka kwa mara ya mwisho nikiwa mwanafunzi wa chuo, nikiwa nimekaa kwenye semina kama hiyo Morogoro, kisha kikakwama kooni. Kinasimuliwa kila mara kuhusu kijiji cha mtu mwingine. Na kinasimuliwa ili kumaanisha kwamba watu waliiona picha ila hawakuielewa. Nilichokuwa nakijua mimi kutoka nyumbani kwetu kilikuwa kinyume chake. Mama yangu alielewa somo la malaria neno kwa neno, na bado halikumsaidia siku alipolihitaji.

*

Ilikuwa masika ya mwaka 1986. Nilikuwa na miaka saba, mdogo wangu miwili. Kama familia nyingi za bonde la Kilombero, wakati wa mpunga tulihamia shambani, tukaishi kwenye dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya miti ili kuona nguruwe na kukwepa maji. Usiku bonde lote huimba vyura na mbu.

Mtoto alishikwa na homa mchana. Mama alijua: homa, mbu, malaria. Alikuwa na vidonge vya klorokwini, akasaga akampa kwa uji. Alfajiri mtoto akakakamaa, macho yakageuka, mikono ikatetemeka kama mabawa. Na hapo, machoni pa kila mtu aliyekuwepo, ugonjwa ukabadilika. Hiyo haikuwa malaria tena. Ilikuwa degedege.

Jina lenyewe linaeleza yote: dege, ndege mkubwa anayepita juu na kivuli chake kikamwangukia mtoto. Malaria ina mbu. Degedege ina ndege. Malaria ni ya hospitali. Degedege ni ya mganga, na wazee walijua kwa hakika kwamba mtoto wa degedege ukimchoma sindano unamuua. Wala hawakusema hivyo kwa upumbavu. Walikuwa wameona watoto waliofikishwa hospitalini wakiwa wameshazidiwa, wakachomwa sindano, wakafa. Waliona sindano kisha kifo, wakaunganisha. Mtafiti naye huanza hivyo hivyo, kwa kuona na kuunganisha. Tofauti ni kwamba yeye ana njia ya kurudi nyuma na kuhesabu waliopona.

Mama akambeba mdogo wangu kwenda kwa mganga. Akafukizwa moshi wa mavi ya tembo, akaoshwa kwa majani. Akatulia kidogo. Ifakara ilikuwa safari ya kutwa nzima kwa njia ile ya mvua, na kesho yake asubuhi haikuhitajika tena.

Niliwahi kumwuliza, nikiwa mtu mzima na kwa ukali ambao leo naujutia, iliwezekanaje katibu wa kikundi cha "Mtu ni Afya" asijue. Akanijibu taratibu: "Malaria niliijua, mwanangu. Lakini ile haikuwa malaria. Ile ilikuwa kitu kingine."

Sina wa kumlaumu, na sitafuti. Wiki 12 haziwezi kumaliza maswali ya nchi. Lakini nafikiri sana juu ya daftari lile. Laiti kikundi kingeendelea kukutana kila wiki, mwaka wa pili, wa tatu, wa kumi, siku moja mtu angenyanyua mkono chini ya mwembe na kuuliza: na degedege je? Hilo ndilo swali ambalo mtaalamu aliye mbali hawezi kulitunga, kwa sababu kwake yeye ni ugonjwa mmoja wenye hatua mbili. Kwetu yalikuwa majina mawili, na katikati ya majina yale mtoto alipita.

*

La kushangaza ni kwamba jibu lilikuwa likitafutwa jirani kabisa. Mwaka 1957 Profesa Rudolf Geigy wa Basel, mwanzilishi wa Taasisi ya Magonjwa ya Tropiki ya Uswisi, alifungua maabara ndogo Ifakara, karibu na hospitali ya misheni. Maabara ile ilikua, ikabadilika, ikawa ya Watanzania, na leo ndiyo Taasisi ya Afya Ifakara. Namwawala, kijiji cha njiani kuja kwetu, kiliingia kwenye vitabu vya wataalamu wa mbu duniani: utafiti wa miaka ya 1990 ulionyesha kwamba mtu wa pale aliumwa na mbu wenye vimelea vya malaria zaidi ya mara 300 kwa mwaka. Karibu kila usiku, mara moja.

Idete, kijiji kingine cha njia hiyo hiyo, kilishiriki jambo kubwa zaidi. Kuanzia mwaka 1992 watoto 586 wa umri wa mwaka mmoja hadi mitano waliandikishwa katika jaribio la chanjo iitwayo SPf66, iliyobuniwa na Manuel Patarroyo wa Colombia. Ilikuwa mara ya kwanza chanjo hiyo kupimwa Afrika mahali penye malaria kali. Matokeo yakachapishwa mwaka 1994 kwenye jarida la The Lancet: ilipunguza malaria kwa asilimia 31. Majaribio yaliyofuata Gambia na Thailand hayakuona kinga hiyo, na chanjo ikaachwa. Lakini njia ya kupima ilikuwa imefunguliwa, na Oktoba 2021, Shirika la Afya Duniani lilipopendekeza chanjo ya kwanza ya malaria kwa watoto, baadhi ya waliokuwa wameipima walikuwa watoto wa Bagamoyo na Korogwe.

Kisha zikaja neti. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mradi mmoja uliuza neti zenye dawa katika wilaya za Kilombero na Ulanga kwa jina ambalo kila mtu aliliimba: Zuia Mbu. Watafiti walipohesabu, walikuta kwamba neti zile ziliongeza uhai wa watoto wadogo kwa asilimia 27. Ni tarakimu kavu. Mimi huisoma kwa kuwahesabu watoto wa ukoo wetu waliozaliwa baada ya mwaka 1999.

Neti ya kwanza nyumbani kwetu mama aliinunua kwa fedha ya debe la mpunga. Siku ileile dada mmoja wa afya aliyekuja kuzungumza kijijini alitamka sentensi ambayo mama alikuwa ameingoja miaka 13 bila kujua: degedege ni malaria iliyopanda kichwani. Alisema mama mmoja hakuuliza swali, akaondoka kabla mkutano haujaisha. Dada yule hakujua alikuwa anamzungumzia nani. Mimi ndiye niliyesimuliwa, na nilijua.

*

Sasa nafundisha sayansi, na sijaacha kuipenda NOVA. Kupitia mtandao nimekitazama kile kipindi cha 1983 mpaka mwisho, na nyuma ya kitenge hakukuwa na aibu yoyote, ni mtoto tu. Nimesoma pia kwamba Julai 2025 Bunge la Marekani lilifuta dola bilioni 1.1 zilizokuwa zimetengwa kwa ajili ya utangazaji wa umma wa nchi ile kwa miaka miwili. Sijui mambo ya siasa zao. Najua kitu kimoja kuhusu somo linalokatishwa. Lile lililokwisha kufundishwa linabaki. Vyoo vya mwaka 1973 vilifaa, na mama hajasahau hata sura moja. Kinachopotea ni swali ambalo lilikuwa bado halijaulizwa, na hasara yake hakuna anayeiandika, kwa kuwa hakuna aliyejua kwamba lilikuwa njiani.

Wala sisemi wenzetu walipata kila kitu. Mtazamaji wa Boston hakuwa na mtu wa kumwuliza alipozima televisheni, wala hakuna aliyerudi wiki iliyofuata kutazama kama amechimba. Wao walipata mwendelezo bila kikundi. Sisi tulipata kikundi bila mwendelezo.

Likizo iliyopita nilikuwa Mbingu. Mvua ya Udzungwa ilikuwa inapiga bati, umeme umekatika, nikamwonyesha mama kwenye simu filamu fupi kuhusu mbu. Mbu akajaa kioo chote, miguu kama miti. Nikakumbuka kile kichekesho, nikamtazama usoni. Miaka kadhaa vijana wa utafiti wamekuwa wakija kutega mitego ya taa chumbani kwake na kuwahesabu mbu mbele yake asubuhi.

Alivaa miwani, akaisogeza simu. "Huyu jike," akasema. "Dume ana manyoya kichwani." Akaendelea kutazama mpaka mwisho, dakika sita, akanirudishia simu yangu.

"Vizuri," akasema. "Na wiki ijayo wanasoma nini?"